Tulivyokifagia Kijito

Wengine hunyimwa pesa za serikali kwa kuwa hawamjui mtu. Wengine kwa kuwa wamemjua mtu asiyefaa. Sisi tulinyimwa kwa sababu ya fagio. Fagio la mama mkwe wangu, lenye mpini uliofungwa kitambaa chekundu ili asije mtu akaliazima akajisahaulisha.

Mimi ni msusi. Saluni yangu iko mbele ya nyumba, inatazama barabara, na chumba cha mama mkwe kiko nyuma, kinatazama kijito. Hapo katikati tunaishi wengine wote: mimi na mume wangu, watoto, wifi yangu aliyekuja kukaa wiki mbili mwaka juzi, na yeyote aliyekuja kusukwa akakuta chai imeshamiminwa. Nyumba imejaa na ndivyo ninavyoipenda. Nyumba tupu hata umbea haunogi.

Kijito chenyewe ukikiona wakati wa jua utakicheka. Unakiruka bila kukunja suruali. Lakini kinatoka juu huko, mitaa ya wenye mageti, kinapita chini ya barabara kwenye kalavati, na kikifika nyuma ya kwetu kinakata kona. Mvua zikinyesha, maji hayana habari ya kona. Yanakuja mbio na kuupiga ukingo kifua kwa kifua, na juu ya ukingo huo ndipo alipojenga baba mkwe, Mungu amrehemu, kwa sababu alipenda upepo.

Mvua za mwaka juzi zilikula hatua mbili za ukingo. Za mwaka jana zikala tatu. Zikabaki nne tu hadi kwenye ukuta wa mama, na ukuta ulikuwa umeshaanza kupasuka: ufa ulianzia pembeni mwa dirisha ukateremka hadi usawa wa mto wa kulalia, vidole vinne vinaingia bila kubanana. (Usinitajie methali, tafadhali. Kila anayeingia mle chumbani huitaja ile ya ufa na ukuta, tena kwa sauti ya mtu aliyeitunga mwenyewe jana.)

Tulimwambia mama ahamie kwa wajukuu. Akasema, "Chumba hiki niliachiwa na mume wangu. Nitatoka nimebebwa."

Mume wangu akasema, "Mama ameshasema," akaendelea kula. Basi kazi ikawa yangu.

Miaka miwili nilipanda ngazi za ofisi ya jiji hadi askari wa getini akaacha kuniuliza naenda wapi. Nilichojifunza ni hiki. Jiji lina vijito kumi na kimoja na katapila moja zima. La pili limewekwa juu ya mawe, limetolewa magurudumu. Pesa za kuzoa tope na kujenga kingo zinatosha vijito vitatu kwa mwaka. Kwa hiyo wanatoa alama. Injinia anakuja, anatazama, anapima, anauliza wakazi, anajaza fomu. Ukipata sitini na kuendelea, unaingia kwenye mpango wa mwaka huu. Ukipata chini ya hapo, utatembelewa tena baada ya miaka mitatu.

Miaka mitatu! Na ukingo una hatua nne. Hesabu hiyo hata wifi yangu aliimaliza bila kalamu.

Hatimaye wakanipigia simu: injinia atakuja Alhamisi, saa tatu asubuhi. Nilifurahi hadi nikamkata mteja nywele ambazo hakuniomba nizikate. Na katika furaha hiyo nikafanya kosa moja. Nilimwambia Redio.

Redio ni jirani yangu wa mkono wa kulia. Aliitwa hivyo kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia. Kufikia adhuhuri mtaa mzima ulijua, na mama mkwe alikuwa mlangoni pa saluni.

"Nasikia wageni wa serikali wanakuja."

"Wanakuja mama, Alhamisi."

"Na mtawapitisha kwenye uchafu ule?"

Nikacheka. Nilidhani ananitania.

Jumatano nilikwenda mtaa mwingine kumsuka bibi harusi na mashemeji zake sita. Nilirudi jua likizama, vidole vimekufa ganzi, nikapitia nyuma kuanua nguo. Nikasimama na kibanio mkononi.

Kijito kilikuwa kinang'aa. Chupa hakuna, mifuko hakuna, yale majani marefu yaliyokuwa yanaziba kalavati yamekatwa kama ndevu za bwana harusi. Gamba la jokofu lililokaa pale tangu mwanangu wa pili anatambaa halikuwepo. Fundi viatu alilivuta kwa kamba na wenzake. Lile godoro bovu lililokwama mdomoni mwa kalavati halikuwepo. Na kando ya maji, kushoto na kulia, mawe yamepangwa kwa mstari na kupakwa chokaa. Hiyo ni kazi ya jirani yetu, mwalimu mstaafu. Mtu yule akiona jiwe tu lazima alipake chokaa.

Mama mkwe alikuwa ameegemea fagio lake, jasho linamtoka, na mtaa mzima nyuma yake unanitazama kwa meno yote.

"Mmefanya nini?"

"Asante haichubui mdomo, mwanangu."

"Mama, wanakuja kuona uchafu!"

"Nani humwita mgeni aje kuona uchafu? Kwenu ndivyo mlivyofunzwa?"

Mwalimu akakohoa na kusema kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikamwambia mwenyeji huyu hatapona, mwenyeji huyu atasombwa na kitanda chake. Wakasema nimechoka na harusi, nikalale.

Alhamisi saa tatu kamili injinia akafika. Mtaani walishambandika jina la Bwana Futi kabla hajazima gari, kwa ajili ya utepe wa kupimia uliokuwa ukining'inia kiunoni kama bastola. Alifuatana na karani, msichana mpole aliyekumbatia ubao wa fomu. Watu kama arobaini walikuwa wanawangoja, wameoga.

"Habari za hapa?" akauliza Bwana Futi.

"Nzuri!" Arobaini kwa pamoja, kama darasa.

Karani akaandika.

"Na kijito hakiwasumbui?"

"Tunamshukuru Mungu," akasema mwalimu.

"Mvua za mwaka jana mliendeleaje?"

"Salama tu, baba," akasema mama mkwe. "Na nyie huko kwenu?"

Karani akaandika. Nikapaza sauti: "Si salama! Andika si salama!" Mama mkwe akanifinya chini ya mkono, mahali pale panapouma kuliko jino. "Usimkatize mgeni."

Nikamvuta Bwana Futi hadi chumbani, nikasema hapa hawataweza kuficha. Kumbe nilimdharau mama. Kitanda kilikuwa na shuka jipya ambalo sikuwahi kuliona tangu niolewe. Kwenye sehemu ya juu ya ufa kulikuwa na kalenda. Kwenye sehemu ya chini kulikuwa na kabati.

"Injinia, sogeza hilo kabati."

"Kabati la marehemu mume wangu," akasema mama mkwe taratibu, "halijasogezwa tangu azikwe."

Uongo mtupu. Lilisogezwa Jumatano na wanaume wanne, na mmojawao ni mwanawe wa kuzaa, baba wa watoto wangu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akichunguza kucha zake. Bwana Futi akaangalia kabati, akaangalia uso wa mjane, akarudisha utepe kiunoni. Akapewa soda. Alisifiwa hadi akaona haya. Walipoondoka, mtaa uliwasindikiza hadi kwenye gari, na mama mkwe akarudi akijifuta mikono kama mtu aliyemwoza binti.

"Umeona?" akaniambia. "Wametupenda."

Barua ilikuja baada ya wiki. Alama thelathini na nane. Chini yake: *Ukingo unatunzwa vizuri. Wakazi wameeleza kuwa hali ni nzuri. Wapewe pongezi.* Mwalimu aliisoma kwa sauti mbele ya saluni, na nakuapia, alipofika kwenye pongezi kuna waliopiga makofi.

Sikuaga mtu. Nilichukua barua nikaenda ofisini, nikampita askari, nikaingia kwa Bwana Futi bila kubisha.

"Habari, dada?" akasema.

"Nzuri," nikamjibu.

Mimi! Na barua mkononi! Nilitamani kujizaba kofi.

"Si nzuri," nikasema. "Futa hiyo. Umetupa thelathini na nane."

Akavua miwani akasugua macho. Kwa kweli alikuwa mtu aliyechoka. Mezani kwake mafaili yalifika kidevuni. "Dada, niliandika nilichokiona na nilichoambiwa."

"Uliambiwa nzuri kwa sababu uliuliza habari! Nani kwenye dunia hii anaulizwa habari akajibu mbaya?"

"Sasa niulize nini?"

"Uliza kama daktari. Panauma wapi?"

Akanicheka, lakini si kwa ubaya. Akanieleza kwamba kuna mtaa walimlaza kifudifudi kwenye tope ili achungulie msingi wa nyumba, na mzee mmoja akamwonyesha choo kinachoning'inia hewani, bado kinatumika. Wakapata themanini na moja. "Wale walijua kuomba," akasema. "Nyie mlinikaribisha."

Rufaa ipo, akasema, mara moja tu, ndani ya siku kumi na nne, na kama hali imebadilika. Baada ya hapo bajeti inafungwa. "Lakini nikija nikayakuta yale mawe meupe, dada yangu, sitakuwa na la kuandika."

Jioni nikawakusanya saluni. Wengine walikaa kwenye viti vya kukaushia nywele, vichwa ndani ya makofia kama wanaanga. Nikawaeleza kwa ufupi: kilichotolewa kirudishwe.

"Jokofu nimeshaliuza kwa watu wa vyuma chakavu," akasema fundi viatu. "Na hela nimekula."

"Nitupe taka mchana kweupe?" akasema mwalimu. "Wanafunzi wangu wa zamani wanapita pale!"

"Mimi sijawahi kutupa kitu mle," akasema Redio.

Kisha mtu akaangua kicheko, tukafuata wote, maana lile godoro lilikuwa na maua ya zambarau, na maua hayo sote tulikuwa tumeyaona mwaka mzima yakianikwa kwenye ukuta wa Redio. Yeye mwenyewe akacheka hadi akashika tumbo. "Basi moja tu," akasema. "Lilikuwa na kunguni, ningefanyaje?"

Mimi sikuweza kucheka hadi mwisho. Watu hawa miaka yote walikuwa wanatupa, mmoja mmoja, kila mtu akijidhania hajaonekana. Leo naomba watupe kwa faida yao wenyewe, wamegeuka mabibi harusi. Na mama mkwe akaufunga mkutano kwa maneno machache: "Atakayetupa mle hata ganda la chungwa, nitamfagia yeye."

Zikapita siku nane za zile kumi na nne.

Siku ya tisa ilikuwa Jumamosi. Mchana kukawa na joto la kuchemsha mayai, na mnamo saa tisa mawingu yakaja upande wa wenye mageti. Haukuwa msimu. Mvua ilinyesha kwa muda wa saa moja na nusu tu, lakini kule juu walipopiga sakafu kila kitu hadi shina la maua, maji hayana pa kuzama. Yote yalishuka kwetu. Tulikwenda kuangalia tukiwa na miavuli. Mawe ya mwalimu yaliondoka ya kwanza, moja baada ya jingine, meupe, kama meno yanayong'oka. Halafu zikaja chupa, mifuko, nepi, nusu ya kochi la ngozi, na kibao cha bati kilichoandikwa *Mbwa Mkali*, kikajikita katikati ya kona yetu kikasimama wima.

"Angalau wametuletea ulinzi," akasema fundi viatu.

Wakati huo huo kipande cha ukingo kilidondoka majini, taratibu, kama mtu anayekaa chini. Hatua nne zikawa mbili na nusu. Na ndani ya nyumba tukasikia mlio.

Nilimkuta mama mkwe amekaa kitandani, miguu haigusi chini. Kabati lilikuwa limeinama mbele, limeegemea kona ya kitanda, na nyuma yake ukuta umeachia mwanga. Nilikiona kijito nikiwa ndani ya chumba. Mkononi alikuwa na kalenda.

"Kabati limesogea lenyewe," akasema.

Tulilisimamisha, mimi na mume wangu, ambaye kwa mara ya kwanza hakusema mama ameshasema. Akamwomba mama aje alale kwetu. Mama akasema atafikiria, na kwa mama hilo lilikuwa tangazo la vita kumalizika nusu.

Jumatatu ofisi zilipofunguliwa nikakimbilia rufaa. Bwana Futi akasema Jumanne.

Safari hii sikumwachia Mungu peke yake. Siku hiyo hiyo nilizunguka nyumba kwa nyumba nikakusanya mafagio, reki, mapanga na kila chenye mpini. Mafagio ishirini na matatu. Niliyafungia saluni kwenye stoo ya rangi za nywele, wateja wakaniuliza kama nimebadilisha biashara. La mwisho lilikuwa lile la kitambaa chekundu. Mama alikuwa amelishika kwa mikono miwili.

"Mama," nikamwambia, "nilipokuwa na mimba ya kwanza, nikimwonea haya mkunga, uliniambia nini?"

Akatazama pembeni. "Nilikuambia mficha uchi hazai."

"Basi."

"Yule alikuwa mkunga. Huyu ni mwanamume mwenye utepe."

Lakini akaliachia.

Jumanne hiyo sijui niieleze vipi. Harufu ilikuwa inaingia hadi kwenye chai. Majirani walisimama kando ya ukingo bila kitu mikononi, wamejikunja kama watu waliokutwa bila nguo. Mwalimu alikuwa amevaa tai, maskini, ili angalau kitu kimoja kiwe safi. Bwana Futi akashuka kwenye gari, akatazama kochi, akatazama *Mbwa Mkali*, akageuka kwetu. Na pamoja na yote niliyomfundisha, mdomo wake ukaenda ulikozoea.

"Habari za hapa?"

Watu arobaini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na jibu jingine. Redio, Redio mwenyewe, alizima.

"Nzuri," akasema mama mkwe.

Kalamu ya karani ikashuka kwenye karatasi.

"Nzuri, mwanangu," akasema tena. "Ila."

Halafu akamshika Bwana Futi mkono, akampeleka chumbani.

Tukafuata. Kitanda kilikuwa hakijatandikwa. Mimi nimeolewa nyumba ile miaka kumi na minne, sijawahi kukiona kitanda kile bila shuka lililonyooshwa. Siku tuliyomzika baba mkwe kilikuwa kimetandikwa. Sasa mablanketi yalikuwa yamekunjamana, na nguo zake za ndani ziko juu ya kiti. Kalenda hakuna. Kabati limesogezwa kando, na ufa uko wazi kutoka juu hadi chini. Hakuna aliyemsaidia. Alilisukuma mwenyewe, sijui saa ngapi. Alimwingiza mgeni, kisha akarudi akasimama mlangoni na kutupa mgongo sote, akitazama nje, wakati utepe unalia nyuma yake.

"Ngumi nzima inaingia," akasema Bwana Futi. "Andika."

"Andika na hili," akasema mama bila kugeuka. "Andika kwamba naogopa. Mvua ikinyesha silali. Nakaa nimevaa viatu hadi asubuhi."

Mimi ninalala chumba cha pili, ukuta mmoja tu katikati yetu. Miaka miwili nimepanda ngazi kwa ajili yake, nimemsema, nimemlaumu, nimemwita kichwa ngumu mbele ya wateja. Sikujua habari ya viatu.

"Kuna mahali pa kuliandika hilo?" akauliza mama.

Karani akapekua fomu mbele na nyuma. "Hakuna, mama," akasema. "Nitaliandika hapa pembeni."

Tulipata sabini na mbili. Barua ilisema katapila litaanza Jumatatu, na kazi ya kwanza itakuwa kona ya kwetu: ukingo kujazwa na kuwekwa nyavu za waya zilizojazwa mawe kabla ya mvua kubwa. Mwalimu aliisoma, na mara hii makofi yalikuwa halali.

Mama mkwe hakunishukuru. Hadi leo humwambia kila anayekuja kusukwa jinsi mkwe wake alivyoionyesha serikali kitanda chake kabla hakijatandikwa. Lakini siku ile aliichukua barua, akaishika mbali na macho kama anayeielewa zaidi kwa umbali, akaja saluni.

"Hilo katapila lina dereva?"

"Lina dereva, mama."

"Na atapita hapa nyuma?"

"Hapa hapa."

"Basi nipe fagio langu."

Nikamwambia Jumanne. Jumanne, mama, kazi ikiwa imeshaanza, nitakupa yote ishirini na matatu uyachague. Akaondoka bila ubishi, na mimi, mjinga, nikaamini.

Jumatatu kumepambazuka tu nikasikia kwaru-kwaru nyuma ya nyumba. Mama alikuwa amevunja tawi la mti akalifanya fagio. Alifagia njia yote kutoka barabarani hadi kwenye ukingo, mistari imenyooka, hakuna hata jani. Na saa mbili, katapila lilipozimwa na dereva akashuka, jitu la mabuti yaliyoganda tope, alitazama chini, akasita, akaanza kutafuta mahali pa kufutia miguu.